Watu Thelathini na Mmoja, Anwani Moja

Alhamisi, jioni. Hapa Meru mjini manyunyu hayajakatika tangu asubuhi na baridi ya Agosti imekaza. Ruiri, mwendo usiofika saa moja kutoka hapa, ni vumbi na upepo mtupu. Viatu vyangu viko mlangoni, vyekundu hadi kwenye kamba. Sijavisafisha na sina haraka ya kuvisafisha.

Nina hasira. Nalisema mapema ili anayetafuta maneno ya kutuliza roho aende kusoma kwingine.

Wanaonifuata hapa wanajua nimegombana na wengi. Nimegombana na wachapishaji wa vitabu vya shule, na madiwani, na padri mmoja aliyedhani wanawake hawasomi historia. Ugomvi wa leo ni mgumu kuliko huo wote, kwa sababu nikimtafuta mkosaji, kila njia ninayofuata inanirudisha kwenye meza yangu mwenyewe.

Kwa wageni: nilifundisha hisabati miaka ishirini na moja, kisha nikaweka chaki chini nikajifunza kompyuta nikiwa tayari na mvi. Sasa nafanya kazi katika kampuni ndogo ya watu sita hapa mjini. Mwenye kampuni ni Mutuma, ambaye nilimfundisha kidato cha pili. Mpaka leo ananiita Mwalimu, hata anaponikaripia. Kazi yangu ni kuandika majaribio ya kujiendesha. Yaani naandika programu inayojifanya mtu: inafungua tovuti yetu, inajaza fomu, inasubiri barua pepe, inaifungua, inabofya kiungo kilichomo, kisha inaangalia kama mtu huyo amekubaliwa. Seva nzima inajaribiwa kutoka mlangoni hadi jikoni. Kukiwa sawa, alama ya kijani inawaka. Kukiwa na kasoro, nyekundu.

Barua pepe zenyewe haziendi kwa mtu halisi. Tuna seva ya uongo inayozidaka zote, ili majaribio yetu yasimsumbue mkulima yeyote shambani.

Nikiisoma tena sentensi hiyo naona aibu. Kweli hatukumsumbua mkulima yeyote. Hatukumfikiria pia.

Mwaka huu tuliutengenezea mradi mmoja wa maji kule Ruiri mfumo wa kugawa zamu. Ruiri haina mvua ya kutegemea. Maji yanashuka kwa bomba kutoka juu na kila mwanachama ana siku yake. Zamani katibu wa mradi aliandika zamu kwa daftari. Sasa mwanachama anajaza fomu kwenye tovuti, anatumiwa barua pepe yenye kiungo, anabofya kuthibitisha kwamba anataka maji msimu huu. Asipothibitisha kabla ya siku ya mwisho, jina lake linatoka kwenye orodha na laini yake inafungwa.

Jumanne asubuhi aliingia ofisini mama mmoja mwenye umri kama wangu, sweta limevaliwa nje ndani, mkononi karatasi zilizokunjwa mara nne. Mama Makena. Ni mjane, ana kipande kimoja cha shamba Ruiri na hana kingine. Alikuwa amehamishia vitunguu shambani wiki tatu zilizopita. Laini yake ilifungwa Jumamosi.

"Nilijaza," alisema. "Nilipiga foleni, nikajaza, nikaambiwa asante. Sasa mniambie ile asante ilikuwa ya nini."

Mutuma alitoka chumbani kwake akiwa na kikombe cha chai. Alitazama karatasi, akaniita pembeni, ingawa pembeni kwenye ofisi yetu ni hatua mbili na kila kitu kinasikika.

"Mwalimu, si majaribio yako yote ni kijani?"

"Ni kijani."

"Basi mfumo uko sawa. Hawa watu ndio wanatumia imeli moja wote. Kila mtu awe na yake. Hiyo si shida yetu."

Mama Makena alisikia. Hakuinua sauti.

"Kijani nilikuwa nayo mimi, wiki iliyopita," alisema. "Njoo uone rangi ya sasa."

Nilizichukua zile karatasi. Zilikuwa barua pepe zilizochapishwa, na zote zilikuwa zimetumwa kwa anwani moja: ya Kendi, mwenye duka la saiba pale sokoni Ruiri. Kendi ana kompyuta mbili, mashine ya kuchapisha, na subira ambayo ningemwombea Mutuma. Siku ya soko watu walikuja kwake, mmoja baada ya mwingine, akawajazia fomu. Palipoandikwa "anwani yako ya barua pepe" aliweka yake. Angeweka ya nani? Wengi wao hawana, na walio nayo walifunguliwa zamani na mtoto aliyeenda Nairobi na nywila.

Alijaza fomu thelathini na moja. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, kwa hiyo barua pepe hazikuingia mpaka alasiri, zote kwa pamoja. Akazifungua, akabofya viungo. Cha kwanza: "Kiungo hiki hakitumiki tena." Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu. Thelathini vilikataa. Kilichokubali ni kimoja tu, cha mwisho, cha Mzee Kaburu, ambaye alikuwa amekuja kutoa nakala ya kitambulisho na akajaziwa fomu kwa kuwa tu alikuwa amesimama pale.

Nilijua sababu kabla sijakaa. Mfumo wetu unashika kiungo kwa anwani. Ukiomba kiungo kipya kwa anwani ile ile, cha zamani kinakufa. Kwa mtu mmoja mwenye anwani yake ni jambo la busara. Kwa watu thelathini na mmoja kwenye anwani moja, kila aliyejaza alimtoa aliyemtangulia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, ambalo nimelizungukazunguka tangu nilipoketi hapa.

Nilikuwa nalijua.

Sikulijua kwa maneno. Nililiona kwa macho, miezi mitatu iliyopita, wiki nzima. Wakati huo majaribio yangu yote yalitumia anwani moja ya kubuni, sanduku moja ndani ya ile seva ya uongo. Yalikuwa yanakimbia manne kwa wakati mmoja ili tusisubiri. Basi mara kwa mara, bila mpango, moja lilikuwa linawaka jekundu. Ukilirudia, kijani. Ukirudia tena, jingine ndilo jekundu. Jaribio hili lilikuwa linaomba kiungo, na kabla halijakibofya, jirani yake linaomba cha kwake kwa anwani ile ile na kukiua cha kwanza.

Wanaofanya kazi hii wanayachukia majaribio ya namna hiyo kuliko yanayokataa moja kwa moja. Linaloshindwa leo na kufaulu kesho linakufanya uonekane hujui kazi. Mutuma alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Mwalimu, leo limeamkaje?" kama vile nina mgonjwa nyumbani.

Mwenda, kijana wa miaka thelathini na kitu tunayekaa naye meza moja, ndiye aliyependekeza dawa. Kila jaribio lijitengenezee anwani yake mpya likianza, yenye namba isiyorudiwa. Kila moja na sanduku lake. Nilisema vizuri sana. Tuliandika asubuhi moja, tukakimbiza majaribio mara hamsini, kijani mara hamsini. Mutuma alinunua sambusa. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kazi, kwa mkono huu huu: "Kelele zimeondolewa."

Kelele!

Wiki nzima mashine ilikuwa inaniambia: watu wawili wakitumia anwani moja, mmoja anapotea. Ilinionyesha Kendi na foleni yake miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Mimi nikaiona ni usumbufu, nikampa kila mtu wa kubuni sanduku lake ili watu wangu wa kubuni waishi vizuri kuliko watu wa Ruiri.

Na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Nimekulia upande wa Nkubu, katika nyumba isiyokuwa na sanduku la posta. Nani alikuwa na sanduku? Shule ilikuwa nalo, kanisa lilikuwa nalo, na mwenye duka mmoja mkubwa. Kijiji kizima kilipokea barua kupitia hayo matatu. Baba alipokea barua za ndugu yake aliyehamia Embu kupitia sanduku la shule ya msingi, ingawa hakuwahi kukaa darasani siku moja. Barua yangu ya kuitwa chuo cha ualimu ilikuja kupitia sanduku la kanisa. Katibu alisimama baada ya misa akasoma majina ya wenye barua, nikaenda mbele ya watu wote. Hakuna aliyemwambia baba, "Nenda ukatafute sanduku lako kwanza." Sanduku lilikuwa mahali pa kufikia. Jina juu ya bahasha ndilo lilikuwa mtu.

Kendi alifanya kile katibu wa kanisa alichofanya. Sisi, tuliolelewa hivyo hivyo, tukaketi mjini tukamchora mtu mmoja anayeitwa mtumiaji: anaishi peke yake, ana simu yake, ana anwani yake, mtandao wake haukatiki, hategemei mtu na hakuna anayemtegemea. Mimi simjui mtu wa hivyo. Nimeishi Meru miaka hamsini na mbili na sijakutana naye. Tumemtoa wapi? Tumemsoma kwenye miongozo ya watu wengine, tukamwamini kuliko mama zetu.

Halafu Mutuma, mtoto wa kule Mikinduri, ambaye karo yake ya kidato cha kwanza ilitumwa kwa barua kupitia duka la mjomba wake, ananiambia kila mtu awe na imeli yake.

Jana niliandika jaribio jipya. Ni fupi. Wanachama wawili, anwani moja. Wa kwanza anajaza, wa pili anajaza, ndipo barua zote mbili zinafunguliwa. Liliwaka jekundu mara ya kwanza, na ya pili, na ya ishirini. Halikuyumba hata kidogo. Mwenda akaandika marekebisho kabla ya chakula cha mchana: kiungo kishikwe kwa fomu, si kwa anwani. Mistari tisa. Watu thelathini walikosa maji kwa mistari tisa.

Mutuma akayakataa. Hakusema ni mabaya. Alisema Jumatatu mfumo unapelekwa kwa mradi mwingine upande wa Embu, kule Mbeere, na wale wameshaonyeshwa kila kitu kikiwa kijani. Marekebisho yatangoja baada ya hapo, kimya kimya. Akamwambia Mwenda alizime jaribio langu ili njia iwe wazi.

Mwenda ni mtu mpole, hajawahi kumjibu Mutuma. Akasukuma kibodi mbele ya meza.

"Bosi, zima mwenyewe."

Mutuma akanitazama mimi. "Mwalimu, umemfundisha hii?"

"Wewe nilikufundisha hisabati," nikamwambia. "Thelathini na moja kutoa thelathini. Anza hapo."

Hakuzima. Hakukubali pia. Akasema Ijumaa saa mbili tukae kikao. Lakini vitunguu havikai kikao, na mabadiliko yoyote kwenye seva yasingefungua bomba lililofungwa kwa ufunguo wa chuma kule Ruiri. Kwa hiyo leo sikwenda kazini.

Nilifika Ruiri saa nne. Shamba la Mama Makena liko chini ya barabara, limezungushiwa miiba. Mistari ya vitunguu imenyooka kama daftari la mwanafunzi mzuri. Ncha zote zimekauka zikawa nyeupe, na upande wa juu, kunakopigwa na upepo, miche imelala kabisa. Mama Makena alikuwa anamwagilia kwa kopo, mche kwa mche. Mzee Kaburu, yule wa nakala ya kitambulisho, alikuwa anamruhusu achote mitungi minne kwa siku kutoka kwenye zamu yake. Mitungi minne kwa shamba zima.

"Umekuja kupiga picha?" akaniuliza.

"Hapana. Nimekuja kutafuta mwenye ufunguo."

Mwenye ufunguo ni Baba Kirimi. Alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha saruji cha vali, koki kuu ya bomba, ufunguo wenyewe mrefu kama mguu, orodha ya mfumo wetu ndani ya karatasi ya plastiki. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mkali.

"Madam, mimi nakuamini," alisema. "Lakini mimi ni mtu wa listi. Hapa watu wamepigana na majembe juu ya maji. Nikifungulia mmoja bila karatasi, kesho ninaitwa mwizi. Listi ilitoka kwenu. Leteni nyingine."

"Nyingine itachukua siku kadhaa."

"Basi andika. Karatasi, sahihi, namba ya kitambulisho, muhuri. Mwenyekiti akiniuliza, nimwonyeshe mtu."

Nimwonyeshe mtu. Nimesoma vitabu vingi juu ya uwajibikaji na sikumbuki palipoelezwa vizuri hivyo.

Nilienda kwa Kendi. Alidhani nimekuja kumlaumu, akaanza kujitetea kabla sijaketi. "Madam, mimi niliwapigia simu. Niliambiwa nijaribu tena. Nikajaribu na siku ikaisha." Sikujua. Hakuna aliyeniambia kwamba alipiga. Kisha akatoa daftari la kurasa mia moja, lenye mafuta ya mandazi kwenye jalada, na ndani yake majina yote thelathini na moja kwa mpangilio waliofika, namba ya uanachama ya kila mmoja, na saa.

Lile daftari lilikuwa na kila kitu ambacho seva yetu ilikipoteza.

Nikaandika kwa mkono. Niliandika kwamba mimi, jina langu kamili na namba ya kitambulisho, ndiye ninayejaribu mfumo wa zamu. Kwamba wanachama hawa thelathini walijaza fomu kwa wakati na kwa usahihi. Kwamba kosa ni la mfumo na kasoro hiyo ilionekana kwangu miezi mitatu iliyopita nikaiondoa machoni. Nikanakili majina yote. Mkono uliuma kama siku za kusahihisha mitihani. Kuhusu muhuri, sikuwa nao. Muhuri wa kampuni unakaa kwa Mutuma. Kendi akafungua droo, akatoa wa kwake, wa duka la saiba, wa zambarau.

"Utafaa?"

"Leo utafaa."

Baba Kirimi aliisoma ile barua kwa sauti, jina kwa jina, huku watu wachache waliokuwa njiani wakisimama kusikia. Kila jina aliweka alama kwenye orodha yake kwa kalamu. Alipofika mwisho akakunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akateremka kwenye shimo la vali. Tulisikia chuma kikilia. Kisha maji.

Yalitoka ya kahawia, yakatema hewa, yakasafika. Mama Makena hakunishukuru na hakuwa na sababu. Alikuwa tayari ameinama anaelekeza maji kwa jembe, kuanzia upande wa juu, kwenye ile miche iliyolala, kama vile ingeweza kubadili nia.

"Hii robo imekufa," alisema bila kuniangalia. "Mngefungua Jumanne, ingepona."

Jumanne tulikuwa ofisini tukiongea juu ya kijani.

Mutuma alipiga simu nikiwa bado barabarani. Mtu alishamtumia picha ya barua.

"Mwalimu, umeandika nini huko? Umetuvua nguo. Watu wa Embu wakiiona hii?"

"Waione. Itawasaidia."

"Umeweka jina la kampuni?"

"Nimeweka langu."

Nilimsikia akipumua, yule yule wa dawati la nyuma aliyekuwa akipumua hivyo swali likimshinda. Akasema kikao ni kesho saa mbili na nije nimejiandaa. Najua maana yake. Ninaweza kutoka kwenye kikao hicho bila kazi, na mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyejifunza kompyuta uzeeni haitwi na waajiri wengi. Naogopa. Sitaandika hapa kwamba siogopi. Lakini jaribio langu jekundu halizimwi nikiwa ndani ya chumba hicho, na mfumo hauendi Mbeere kabla ya ile mistari tisa kuingia.

Nilikusudia kumaliza hapo. Ila jioni hii, nikisubiri chai, nimefungua orodha ya majaribio yote niliyowahi kuyazima mwaka huu kwa sababu yalikuwa yanayumba. Nilitarajia mawili, matatu. Ni kumi na moja. Moja linahusu mtu mwenye jina moja tu kwenye kitambulisho. Jingine, fomu inayotumwa mara mbili mtandao ukikatika katikati. Jingine, namba moja ya simu kwa watu wawili. Kando ya kila moja niliandika neno lile lile, kelele, na tarehe.

Kesho nitaingia ofisini saa moja, kabla ya Mutuma, niyawashe yote kumi na moja. Sijui kila moja lilikuwa linamsemea nani.